Kimya Katikati ya Namba Sita

Nianze kwa kuiondolea lawama mashine. Ilikuwa mashine nzuri, nyeusi, nzito, yenye vitaa vya kijani vilivyopanda na kushuka kwa kufuata sauti, na mpaka leo sijasikia kitu kilichozinasa sauti za akina mama wa mlimani kama ile. Ugomvi wangu ni na watu. Baadhi yao bado wapo, bado wanaisimulia habari hii kwa kuipindisha wapendavyo, na nimechoka kuisikia midomoni mwao. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mbele ya mashine hiyo, hedifoni masikioni. Nitaisimulia mimi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipofunguliwa mlango na Arusha ikajaa maduka ya redio. Mtu uliyemwacha juzi akiuza vitunguu ulimkuta leo anauza televisheni. Bosi wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na duka la redio pale Levolosi, na nyuma ya duka alikuwa na chumba alichokigongomelea mazulia ukutani akakiita studio. Kwaya zilikuja kutoka kila upande wa mji na wa mlima, maana wakati ule usharika usio na kaseti yake ulionekana umelala. Bosi alipoona wateja wameongezeka alikwenda Dubai, akarudi na deki ya kidijitali iliyorekodi kwenye vikanda vidogo vya kuenea kiganjani. Aliiita dati, na sisi wote tukaiita dati.

Mimi ndiye niliyeiendesha. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, nimejifunza kazi kwa fundi aliyenitangulia kabla hajahamia Nairobi, na sikuwa na aibu ya kumwambia hata mchungaji asogee mbali kidogo na maiki.

Dati ilikuwa na tabia moja ambayo bosi aliipenda kuliko zote: ilihesabu nyimbo yenyewe. Ikisikia kimya cha sekunde chache halafu sauti ikarudi, iliamini kwamba wimbo mpya umeanza. Iliweka alama kwenye mkanda, na namba kwenye kioo chake ikabadilika. Baadaye ukitaka wimbo wa nne ulibonyeza nne, mkanda ukakimbia wenyewe hadi hapo. Kwa watu tuliozoea kuzungusha kaseti kwa kalamu tukitafuta mwanzo wa wimbo, hiyo ilikuwa raha kubwa. Lakini mbele ya deki kulikuwa na swichi ndogo. Ukiisogeza kulia, mashine iliweka alama kwa akili yake. Ukiisogeza kushoto, ilingoja kidole chako. Bosi alitaka kulia siku zote. Mimi nilitaka kushoto, kwa sababu nyimbo zetu zina mahali pa kuvuta pumzi, na mashine haikuwahi kukaa kanisani kwetu.

Sasa nije kwa mama yangu. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya akina mama katika usharika wetu wa Kilutheri huko juu, ukipandisha kutoka Tengeru kuelekea msituni. Baba alifariki kwa maradhi ya kifua, akamwachia mama sisi mabinti watatu, mimi nikiwa mkubwa, na kihamba cha migomba na kahawa kinachoizunguka nyumba. Hakuacha mtoto wa kiume. Kwa baba mkubwa, kaka yake marehemu, hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba kihamba kimebaki bila mtu. Sisi wanne tuliokula, kulala na kupalilia humo hatukuwa watu. Kabla udongo wa kaburi haujakauka alionekana akitembea mpakani, akiyatazama masale yaliyopandwa na babu kuonyesha mwisho wa shamba, akihama huku na huku kama mtu anayejaribu koti dukani.

Akina mama wa kwaya walimwona. Alhamisi iliyofuata, siku ya mazoezi, walikuja nyumbani kwetu badala ya kwenda kanisani, kila mmoja na jembe lake, wakalima huku wanaimba. Wakaja Alhamisi nyingine, na nyingine. Mazoezi yote ya msimu ule yalifanyikia shambani kwetu, na humo ndimo mama alimotungia wimbo.

Ili uuelewe wimbo huo lazima nieleze desturi moja ya huko kwetu. Jeneza likipita njiani na wewe uko shambani, huendelei kulima. Unaweka jembe chini, unasimama wima, unanyamaza mpaka msiba upite na kupotea kwenye kona. Humsalimu mtu na mtu hakusalimu. Msiba ukishapita unaokota jembe unaendelea, kwa sababu watoto lazima wale. Mama aliupanga wimbo wake vivyo hivyo. Sehemu ya kwanza iliimbwa polepole, kwa mwendo wa wabebaji: mwenye jembe amelala, shamba ameliacha, nani atalima, nani atalima? Hapo mama alishusha mkono kifuani na kwaya nzima ikanyamaza. Kimya hicho kilikuwa kirefu. Kilikuwa na urefu wa jeneza linalopita njia ya chini ya shamba letu. Kisha mkono ukapanda, na sauti zote zikaingia kwa pamoja kwa nguvu ya kukushtua: sisi tutalima, jua liwake, sisi tutalima, mvua inyeshe, sisi tutalima.

Walikuja studio Jumamosi moja asubuhi, wamevaa sare zao za zambarau kana kwamba dati ina macho. Niliweka swichi kushoto. Tulirekodi nyimbo tano, kila mmoja nikiuwekea alama kwa kidole changu, na tulipokuwa tunajiandaa kwa wa sita bosi aliingia kutoka dukani. Akaangalia kioo, akaangalia swichi.

"Kwa nini umeizima oto?"

"Wimbo huu una kimya katikati, bosi. Mashine itauhesabu mara mbili."

"Kimya si wimbo," alisema. "Kimya ni mkanda unaoliwa bure. Mimi nimeleta mashine ya kisasa, wewe unaiendesha kama baiskeli."

Akaisogeza swichi kulia, akaibandika selotepu juu yake, akarudi kwa wateja wake. Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa imeshawaka, na mama, aliyekuwa akiitazama taa hiyo kupitia dirisha dogo, alikuwa ameshaanza. Sikumkatisha. Alama ya dati hufutika bila kuigusa sauti, kwa hiyo nilitulia nikasikiliza. Wakaimba nani atalima, na mama mmoja wa sauti ya pili akakohoa kidogo kabla ya ile ya mwisho. Wakanyamaza. Ndani ya hedifoni nilisikia sare zikichakacha. Wakaingia na sisi tutalima, na papo hapo namba sita ikageuka saba.

Jioni nilimwambia bosi kwa mdomo wangu, "Sita na saba ni wimbo mmoja. Jumatatu nitaifuta alama ya katikati." Aliitikia huku anamwonyesha mteja redio. Simwombi mtu radhi kwa hilo. Nilisema, na nilisema kwa Kiswahili anachokielewa.

Jumatatu yenyewe, kabla sijafika, alikuja mjumbe wa kamati ya mashindano ya kwaya. Sharika nyingi za mjini na za mlimani zilikuwa zinajiandaa kushindana, na kamati ilitaka wimbo wa lazima, ule ambao kila kwaya itauimba ili zipimwe kwa kipimo kimoja. Walikuwa wamesikia sifa za wimbo wa mama. Bosi akataka kuonyesha jinsi mashine yake inavyofanya kazi. Akabonyeza sita, akaweka kaseti, akaanza kunakili huku anahudumia wateja, jicho moja kwenye kioo. Namba ilipogeuka saba akazima kaseti. Kwake yeye wimbo wa sita ulikuwa umekwisha, na wa saba haukuombwa. Mjumbe akaondoka na nusu ya wimbo mfukoni, akaenda kuizalisha kaseti baada ya kaseti, pamoja na nyimbo za kwaya nyingine.

Nilipofika nilikuta foleni ya kwaya, kazi ya kufuta alama ikaahirishwa wiki baada ya wiki, na sikujua lolote mpaka siku ya soko Tengeru. Nilikuwa nimeteremka na mama kununua mbegu za maharage, na muuza mitumba mmoja alikuwa amefungulia redio kaseti juu ya rundo la makoti. Nikazitambua sauti. Mama naye akazitambua, akatabasamu, akasimama na kikapu mkononi. Nani atalima, nani atalima. Tukangoja. Badala ya sisi tutalima, kikaingia kinanda cha kwaya nyingine kabisa inaimba habari za mana jangwani.

"Wengine wako wapi?" mama aliuliza.

Nilijua mara moja walikokuwa. Walikuwa kwenye namba saba.

Mama hakunigombeza, wala hakugombeza mtu. Alinunua mbegu zake. Lakini njia nzima ya kupanda hakuimba, na yeye ni mtu anayeimba hata akiteka maji. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka. Nilichokisikia pale sokoni kilinikera: nusu ya pili ya wimbo wetu, nusu yenye majembe ndani yake, imetupwa kama maganda.

Jumapili baada ya ibada baba mkubwa alikuja nyumbani. Alikuja na wazee wawili wa ukoo, amevaa koti lake la kanisani, maana alikuwa mzee wa kanisa na alipenda ijulikane. Tukawaamkia, wakaitikia, mama akawaletea viti na chai. Baba mkubwa alikunywa chai yote kabla ya kusema. Kisha akatoa kaseti mfukoni akaiweka mezani.

"Shemeji," alisema, "tumeusikia wimbo wako. Mji mzima umeusikia. Umeuliza nani atalima. Umeuliza vizuri, kwa unyenyekevu, mpaka wazee hawa wametokwa machozi. Basi mimi nimekuja kujibu. Mimi nitalima."

Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali.

"Shemeji," mama alisema, "wimbo hujausikia mpaka mwisho."

"Nimeusikiliza mpaka mwisho. Mara tatu. Kaseti hiyo hapo."

"Kaseti imekatika."

"Kaseti haikukatika. Wimbo umekwisha, umeanza mwingine wa kinanda." Akacheka kwa upole. Upole wake ndio ulionikasirisha zaidi. "Usione haya, shemeji. Mtu akishauliza mbele za watu, na ukoo ukamjibu, si aibu. Masika yakianza nitakuja na masale mapya tuupange mpaka. Nyinyi mtabaki na nyumba na kipande cha kando ya jiko, kinawatosha."

"Baba mkubwa," nilisema, "huo wimbo niliurekodi mimi. Una jibu ndani yake."

"Wewe kaa na mashine zako mjini," alinijibu. "Hapa tunaongea habari za shamba."

Waliondoka wakaiacha kaseti mezani, kama risiti. Mama aliisukuma pembeni kwa kisu alichokuwa anamenyea ndizi, akaendelea kumenya.

Jumatatu niliingia studio bila kusalimu. Bosi alikuwa anafuta vumbi kwenye dati kwa kitambaa laini, kazi ambayo hakuniachia kamwe. Nikamwambia asogee. Nikabandua selotepu. Nikaweka mkanda wa kwaya ya mama, nikautafuta mwanzo wa namba saba.

"Unafanya nini?"

"Nafuta namba ambayo haipo."

"Unaharibu mali ya studio!"

"Nafuta alama tu, bosi. Sauti haiguswi. Kaa usikilize, hujawahi kuusikia."

Nilibonyeza kitufe cha kufutia. Deki ikarudi nyuma kidogo, ikapita juu ya alama huku neno likiwakawaka kwenye kioo, na alama ikatoka. Nikarudisha mkanda hadi mwanzo wa sita, nikafungulia spika za ukutani. Bosi akakunja mikono. Nani atalima, nani atalima. Kikaja kimya, na namba ikabaki sita. Bosi akanyoosha kidole kuzima.

"Acha," nilisema.

Sisi tutalima. Bosi akarudisha mkono wake. Akasikiliza mpaka mwisho amesimama, na sauti zilipoisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyepitwa na basi, "Kumbe inaendelea?"

"Inaendelea."

Nilimwomba aiambie kamati ichapishe kaseti upya. Hapo akarudi kuwa bosi. Kaseti zimeshasambaa, alisema, watu wameupenda wimbo jinsi ulivyo, unawaliza, kwaya zimeshaanza mazoezi, na yeye hawezi kwenda kuitangazia Arusha nzima kwamba mashine yake imekosea.

"Si mashine iliyokosea," nilimwambia.

Akaniambia nisije kesho. Kesho yake nilikwenda, nikakaa kwenye kiti changu, nikavaa hedifoni. Kwaya ya Elerai ilikuwa inangoja kurekodi na hakuwa na mtu mwingine. Hatukulizungumzia tena suala la kutokuja.

Nilinakili wimbo mzima kwenye kaseti nzuri, nikampelekea mama. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani: tutampelekea baba mkubwa, tutawapelekea wazee, tutaipiga kaseti hii sebuleni kwake mpaka aombe po. Mama aliishika kaseti, akaigeuza, akanirudishia.

"Kaseti moja imesema hivi, nyingine itasema vile," alisema. "Watabishana kaseti kwa kaseti mpaka masika yaishe. Sisi tuna vinywa. Tutaimba mbele yake."

Ndivyo kwaya ya mama ilivyoamua kuingia kwenye mashindano na kuimba wimbo wake mwenyewe kama wimbo wa lazima. Mwenyekiti wa kamati aliposikia alimwita mama pembeni ya kanisa, nikiwa nimesimama naye. Alikuwa mtu mwenye adabu, mwalimu mstaafu wa muziki, na alimwita mama "mama mwalimu" kila sentensi.

"Mama mwalimu, kanuni ni moja. Wimbo wa lazima unaimbwa kama ulivyo kwenye kaseti. Anayeongeza kitu anapoteza alama."

"Wimbo ni wangu," mama alisema. "Siongezi. Ninaumalizia."

"Ukishakuwa wa lazima, mama mwalimu, si wako tena. Ni wa mashindano."

"Basi nipunguzieni alama," mama alisema, akaenda kupanga safu zake.

Lazima nieleze jinsi kwaya zetu zilivyojifunza nyimbo siku zile. Wachache walisoma nota. Wengi walikaa wakaizunguka redio kaseti, mstari mmoja, zima, imba, rudisha, mstari wa pili. Walichosikia ndicho walichoimba, na walikuwa hodari mno wa kusikia. Kwa hiyo mchana ule wa mashindano, kanisa limejaa mpaka madirishani, nilikaa benchi la nyuma nikasikia kwaya moja baada ya nyingine ikiimba nusu ya wimbo wa mama. Ziliimba vizuri, na hilo ndilo lililouma. Na kila ilipokaribia nani atalima ya mwisho, mama mmoja wa sauti ya pili alikohoa. Kwaya ya kwanza nilidhani ana mafua. Kwaya ya pili ikakohoa palepale. Walikuwa wamekariri kikohozi kutoka kwenye kaseti, wakakifanyia mazoezi, na kwaya moja ya vijana ilikikohoa kwa sauti mbili. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na machozi hayo hayakuwa ya kicheko peke yake. Kikohozi chetu kilikuwa kimepata nafasi, majembe yetu yamekosa.

Kila wimbo ulipokwisha, jaji mmoja aligonga kengele ndogo, na watu wakapiga makofi huku wanajifuta macho. Baba mkubwa alikuwa amekaa benchi la mbele pamoja na wazee wa kanisa. Kila kwaya ilipouliza nani atalima alitikisa kichwa polepole kukubali, kama mwenye nyumba anayebishiwa hodi.

Kwaya ya mama iliitwa mwisho. Wakapanda na sare zao za zambarau, wakasimama. Mama hakuinama kwa majaji. Aliinua mkono wakaanza, polepole kuliko kwaya zote, kwa mwendo wa wabebaji. Mama wa sauti ya pili hakukohoa, alikuwa amepona. Nani atalima, nani atalima. Mkono wa mama ukashuka kifuani.

Jaji akagonga kengele. Kanisa likapiga makofi. Mwenyekiti akaanza kuinuka kwenda kwenye kipaza sauti.

Mama hakugeuka. Kwaya haikusogea. Walisimama wima, mikono imenyooka ubavuni, wakiangalia mbele yao. Makofi yakapungua, yakawa ya watu wawili watatu, yakaisha. Jaji akagonga kengele tena. Hawakusogea. Mwenyekiti akabaki nusu amekaa nusu amesimama. Nikaogopa mtu atacheka, na mtu akicheka mahali kama pale basi mambo yameharibika. Ndipo bibi mmoja wa benchi la tatu, mtu wa mlimani bila shaka, alipoinama akaweka mkoba wake chini sakafuni na kusimama. Akasimama wa pembeni yake. Wakasimama wa nyuma yao, mmoja hapa, mmoja pale, wale wote ambao wamewahi kulima kando ya njia inayokwenda makaburini. Wa mjini wakawatazama bila kuelewa, na wao wakanyamaza.

Mkono wa mama ukapanda.

Sisi tutalima. Sijawahi kuwasikia wakiimba vile, si shambani wala studio. Jua liwake, sisi tutalima. Mvua inyeshe, sisi tutalima. Nilimwangalia baba mkubwa. Alikuwa amekaa, mmoja kati ya wachache walioendelea kukaa, na kichwa chake hakikutikisika.

Majaji walituweka wa mwisho. Mwenyekiti alisoma matokeo kwa kuanzia mshindi hadi mkiani, na alipofika kwetu alishusha sauti kwa heshima. Sababu: kuongeza, na kuchelewesha ratiba. Mama aliposikia kuchelewesha ratiba alicheka kwa sauti kanisani, na akina mama wote wa kwaya wakacheka naye. Watu wanaoisimulia habari hii leo hupenda kusema kwamba kwaya ya mama ilishindwa. Ni kweli, ilishindwa. Ilikwenda pale kusema kitu, ikakisema, ikashindwa, ikarudi nyumbani kula ndizi.

Masika yakaanza. Alhamisi ya kwanza baada ya mvua kubwa, akina mama walikuja na majembe. Mimi niliomba ruhusa studio. Bosi alinuna akanipa. Walikuwepo pia akina mama wawili wa kwaya ya Elerai, waliopanda kutoka mjini na majembe yaliyofungwa kwa magunia, kwa sababu, walisema, wameuliza swali la watu kwa wiki nyingi bila kujua lina jibu, na wameona haya. Tulijipanga safu moja kutoka nyumbani kwenda chini, mama akiwa katikati, tukaanza kulima kuelekea kwenye mpaka.

Baba mkubwa alitokea njiani na wale wazee wawili. Mkononi alikuwa amebeba miche ya masale, mibichi, mizizi yake imefungwa kwa majani ya mgomba. Alikuwa na nia ya kuipanda siku hiyohiyo, katikati ya kihamba chetu.

Mama alimwona. Aliweka jembe lake chini, akasimama wima, mikono ubavuni.

Wa kulia kwake akaweka jembe chini. Wa kushoto akaweka. Majembe yalishuka safu nzima, taratibu, bila mlio, na mimi nikaweka langu. Tukasimama. Hakuna aliyemwamkia, hata sisi tuliopaswa kumpigia shikamoo.

"Shemeji," alisema baba mkubwa.

Tulinyamaza.

"Shemeji, mnafanya nini?"

Mmoja wa wale wazee alikuwa ameshaelewa. Nilimwona akimshika mwenzake kiwiko, wakarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kama watu wanaompisha aliyebebwa. Baba mkubwa akawatazama, akatutazama sisi, akayatazama majembe yaliyolala chini safu nzima. Alizaliwa mlima uleule. Alijua vizuri majembe huwekwa chini nani anapopita.

Aligeuka, akashuka na njia peke yake, na miche yake mkononi. Tulisimama mpaka alipopotea kwenye kona, na hakuna aliyetuhesabia muda. Kisha mama akainama akaokota jembe lake, nasi tukaokota yetu, tukalima mpaka kwenye masale ya babu.